Je, Wajua? Kutoka kilima cha Pnyx hadi vivuli vya Hanang

Je, wajua kwamba katika Athene ya kale watu waliswagwa kwenda mkutanoni kwa kamba? Ilipakwa rangi nyekundu mbichi, ikavutwa sokoni kuelekea kilima cha Pnyx. Mzembe aliyeguswa aliumbuliwa na doa kwenye nguo yake. Anayetembezwa Athene leo hupandishwa kilima hichohicho, akaonyeshwa jiwe walilosimama wasemaji.

Je, wajua kwamba Waathene walikuwa na kura ya kumfukuza mtu bila mashtaka? Kila mmoja aliandika jina kwenye kigae. Kura zikifika 6,000, aliyeongoza alifungasha mizigo na kukaa nje ya mji miaka 10. Vigae vyenyewe vimefukuliwa kwa maelfu.

Sasa tutembee kwetu: Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom, tushukie Basotu mpaka Katesh, mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 ukituangalia njia nzima. Nguzo za marumaru hakuna. Mabaraza yapo tele.

Je, wajua kwamba Wairaqw hawakuwa na mtawala mmoja kabla ya ukoloni? Nchi iligawanyika katika aya, kila aya na mipaka yake na wazee wake. Msemaji wa aya, kahamusmo, hakuwa na askari wala gereza; nguvu yake ilikuwa kusikilizwa. Wajerumani na Waingereza ndio waliotaka mtu mmoja wa kumwita ofisini, wakaleta uchifu wa kiserikali.

Je, wajua slufay? Ni dua ndefu ya Wairaqw. Mzee husimama na kuomba mvua, mifugo, watoto na amani, mstari baada ya mstari, na waliokaa humwitikia kwa pamoja. Wataalamu wa lugha wameichapisha kama fasihi, nami nakubaliana nao.

Je, wajua kwamba Mbulu iliwahi kuigomea TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika? Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa na viti 71, na 58 kati yake vilipita bila kupingwa. TANU ilichukua 70. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, alikoshinda Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Mgombea binafsi! Jambo hilohilo ndilo Mchungaji Christopher Mtikila alilolifikisha hadi Mahakama ya Afrika, Arusha, akashinda mwaka 2013, na marufuku ya mgombea binafsi ikabaki palepale.

Tukifika kwa Wabarabaig, wa jamii ya Wadatooga, hatua zipungue mwendo. Je, wajua kwamba wana mabaraza ya ngazi kadhaa? Getabaraku ni mkutano wa wanaume wote watu wazima, hukaa kivulini kujadili mambo ya jamii nzima. Ukoo una kikao chake, ujirani una chake. Halafu kipo girgwageda gademg, kikao cha wanawake.

Hiki cha mwisho kinastahili maneno zaidi. Mwanamke wa Athene hakuwa na nafasi Pnyx, na kortini alisemewa na baba au mume. Hanang, mwanamume akimtendea mwanamke jambo linalovunja heshima ya wanawake, hasa katika mambo ya uzazi, wanawake wa ujirani huitana, hukaa peke yao, husikiliza na kuhukumu. Faini ni ng'ombe. Akikaidi, humlaani, na laana hiyo wanaume huiogopa kwelikweli. Mwanaanthropolojia George Klima aliandika habari hizi tangu miaka ya 1960. Tusitie chumvi hata hivyo: kwenye getabaraku wanawake hawakukaa.

Je, wajua kwamba baraza hilo la wanaume lilisimamia malisho kwa ukali kuliko ofisi nyingi? Nyanda nzuri za Basotu, ziitwazo muhajega, zilikuwa na majani bora wakati wa mvua. Kwa hiyo zilikatazwa kujengwa: mifugo hulishwa, boma haliwekwi. Agizo lilishikwa, na uwanda ukabaki wazi.

Hapo ndipo penye mkasa. Mgeni aliyepita aliona nchi tupu. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la serikali NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano huko, mashamba saba, takriban ekari 100,000. Utii wa watu kwa baraza lao ukageuka ushahidi kwamba ardhi haina mwenyewe.

Je, wajua kwamba wakazi wa huko walikwenda mahakamani? Kijiji cha Mulbadaw na wakazi wake waliishtaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliipa NAFCO ushindi. Mojawapo ya hoja: walalamikaji hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na mkoloni. Hoja hiyo nimeisoma mara nyingi na bado hainiingii akilini.

Je, wajua kwamba sheria ya leo inasema mengine? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamke na mwanamume, na unapaswa kuitwa walau kila miezi mitatu. Usipoitishwa, ulizeni tarehe. Ukiitishwa, ombeni muhtasari wa uliopita usomwe kabla ya ajenda nyingine.