Ulaya anayeshindwa hushushwa, Marekani hutuzwa: Kiini cha tofauti ya ligi hizi

MNAMO Aprili 18, 2021, klabu 12 tajika katika soka ya Ulaya zilitangaza kwamba zingeunda ligi yao wenyewe, European Super League. Katika mpango huo, klabu 15 waasisi zingehakikishiwa nafasi za kudumu, ziwe zimefanya vyema au vibaya katika ligi za mataifa yao. Klabu nyingine zote barani zingeachiwa nafasi tano pekee za kung'ang'ania.

Ghadhabu ilizuka papo hapo. Mashabiki walifunga barabara nje ya uwanja wa Chelsea jijini London, na kabla ya siku tatu kutimia, klabu zote sita za Uingereza zilizokuwa zimetia sahihi zilikuwa zimejiondoa.

Kwa shabiki wa michezo nchini Marekani, hata hivyo, mpango huo haukuwa kioja. Ligi ambayo wanachama wake hawawezi kushushwa daraja ndiyo aliyoizoea tangu utotoni. Mvutano huo ulianika tofauti kubwa iliyopo baina ya mabara haya mawili: Ulaya, nafasi katika ligi ni ya yule anayeistahili uwanjani, Marekani, nafasi ni mali ya aliyeinunua.

Mizizi ya tofauti

Ligi ya kandanda ya Uingereza iliasisiwa mnamo 1888 kwa juhudi za William McGregor wa klabu ya Aston Villa, ikiwa na timu 12. Tangu daraja la pili lilipoundwa mnamo 1892, timu zimekuwa zikipanda na kushuka kutegemea matokeo. Ngazi hiyo huanzia Ligi Kuu hadi ligi za vijijini, na hakuna klabu iliyokatazwa kuikwea.

Huko Marekani, William Hulbert wa Chicago alikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi ya besiboli ya National League mnamo 1876, akiwa na wazo tofauti. Ligi ilikuwa chama cha wenye biashara, na kila mmoja alitengewa mji wake ili asiingiliwe na mwingine. Msimu wa kwanza ulipokamilika, timu za New York na Philadelphia zilitimuliwa. Kosa lao halikuwa kushindwa, bali kukataa kusafiri kumaliza ratiba.

Utaratibu huo ulienea katika michezo mingine. Leo hii ligi ya NFL ya kandanda ya Kimarekani ina timu 32, na NBA ya mpira wa vikapu ina timu 30. Anayetaka kujiunga sharti akubaliwe na wenye ligi na kulipa ada. San Diego FC, iliyoanza kushiriki ligi ya soka ya MLS mnamo 2025, iliingia kwa ada ya dola 500 milioni. Kwa kiasi hicho, mwekezaji hununua hakikisho kwamba timu yake haitateremshwa ngazi.

Nahodha wa zamani wa Harambee Stars, Victor Wanyama, alionja mifumo yote miwili. Akiwa Southampton na baadaye Tottenham Hotspur, alicheza katika ligi ambayo timu tatu kati ya 20 hushushwa kila msimu. Mnamo Machi 2020 alijiunga na timu ya Montreal nchini Canada, inayoshiriki MLS. Huko, timu inayovuta mkia huanza msimu unaofuata pale pale ilipokuwa.

Adhabu na tuzo

Ulaya, kushindwa kuna gharama kubwa. Leeds United ilitinga nusu-fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mnamo 2001. Miaka mitatu baadaye ilishushwa kutoka Ligi Kuu ikiwa imelemewa na madeni, na kufikia 2007 ilikuwa imeporomoka hadi daraja la tatu. Ilichukua miaka 16 kurejea ligi ya hadhi. Leicester City nayo, iliyoushangaza ulimwengu kwa kutwaa taji mnamo 2016, ilishushwa mnamo 2023, ikapanda, kisha ikashushwa tena mnamo 2025.

Ndiyo maana mwishoni mwa msimu vita vya mkiani huwa vikali sawa na vya kileleni. Kila bao huwa na uzito, kwa kuwa kushuka ngazi huandamana na kupotea kwa mapato ya runinga na kuuzwa kwa wachezaji.

Marekani mambo ni kinyume. Timu dhaifu hupewa nafasi ya mbele katika uteuzi wa chipukizi, wengi wao kutoka vyuo vikuu. Utaratibu huo, unaoitwa drafti, ulipendekezwa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, na NFL ikaanza kuutumia mnamo 1936. Lengo lilikuwa kuzuia timu tajiri kujizolea vipaji vyote.

Hata hivyo, tuzo hiyo ilizaa hila. Katika NBA, Philadelphia 76ers ilikubali kuwa dhaifu kwa misimu kadhaa ili ijikusanyie chipukizi. Ilimpata Joel Embiid, mzaliwa wa Cameroon, katika uteuzi wa 2014. Msimu wa 2015/2016 ilishinda mechi 10 pekee na kupoteza 72. Zawadi yake ilikuwa kuteua mchezaji wa kwanza mwaka huo. Tangu 2019, NBA imepunguza faida ya kuwa wa mwisho kabisa: timu tatu za mkiani sasa zina nafasi sawa ya asilimia 14 katika bahati nasibu ya kupata chaguo la kwanza.

Pesa na ubingwa

Wamarekani, wanaosifika kwa kutetea soko huria, huendesha michezo yao kwa kugawana. Timu 32 za NFL hugawana sawa kwa sawa fedha za haki za runinga ya kitaifa, na tangu 1994 kuna kikomo cha jumla ya mishahara ambayo timu inaweza kulipa. NBA ina kikomo chake tangu msimu wa 1984/1985, ingawa kina mianya. Wachezaji nao hubadilishanwa kwa wachezaji wengine au kwa nafasi za uteuzi. Mnamo Februari 2025, Luka Dončić aliondoka Dallas Mavericks kwenda Los Angeles Lakers, na Anthony Davis akaelekea Dallas.

Ulaya, mwenye nguvu mpishe. Mnamo 2017, Paris Saint-Germain ilitoa euro 222 milioni kumng'oa Neymar kutoka Barcelona. Kanuni za matumizi ya fedha zipo, lakini hazilazimishi klabu zote kutumia kiasi sawa.

Matokeo yake yanaonekana katika orodha ya mabingwa. Bayern Munich ilitwaa taji la Ujerumani mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023. Katika NBA, timu saba tofauti zilitawazwa katika misimu saba kuanzia 2019 hadi 2025. Kwa maneno mengine, ngazi ya Ulaya iko wazi kwa wote ila wachache ndio hufika kileleni. Duara la Marekani limefungwa, lakini aliye ndani ana matumaini.

Hata bingwa hupatikana kwa njia tofauti. Ligi za Ulaya humtawaza mwenye alama nyingi baada ya timu zote kukutana nyumbani na ugenini. Arsenal ilitwaa ubingwa wa 2003/2004 bila kushindwa katika mechi 38. Huko Marekani, msimu wa kawaida ni njia tu ya kuingia mechi za muondoano. New England Patriots ilishinda mechi zake zote 16 za msimu wa kawaida wa 2007, lakini ikapigwa 17-14 na New York Giants katika fainali. Taji likaenda New York.

Timu ni ya nani?

Suala linalowagusa mashabiki zaidi ni umiliki. Mnamo 2008, timu ya NBA ya Seattle SuperSonics iliondolewa katika mji iliokaa kwa miaka 41 na kupelekwa Oklahoma City. Mashabiki wa Seattle hawakuwa na ngazi ya kupandia na timu mpya. Walichoweza ni kuwangoja wenye ligi waamue kuongeza nafasi. Mnamo 2025, waliitazama timu hiyo ikitwaa ubingwa kwa jina la Thunder.

Uingereza ilishuhudia kisa sawa na hicho. Klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa mnamo 2002 kuhamia Milton Keynes, mashabiki waliunda AFC Wimbledon na kuanza daraja la tisa. Kufikia 2011, walikuwa wamepanda hadi daraja la nne. Ngazi ile ile inayowatesa wanaoshuka ndiyo iliyowarejeshea klabu yao.

Si ajabu basi kwamba Manchester United, Liverpool na Arsenal, zilizokuwa katika njama ya 2021, zilikuwa mikononi mwa Wamarekani wanaomiliki pia timu za kwao. Mmiliki wa Arsenal, Stan Kroenke, aliwahi kuihamisha timu ya NFL ya Rams kutoka St. Louis hadi Los Angeles mnamo 2016.

Uingereza iliamua kutoiachia hasira ya mashabiki pekee kazi ya kulinda ngazi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Soka, iliyoidhinishwa Julai 2025, ilimpa mdhibiti huru mamlaka ya kuzuia klabu kujiunga na ligi za kujitenga. Aidha, inazitaka klabu kupata idhini kabla ya kuhama viwanja vyao vya nyumbani.