Nani Mwenye Boti?

Mihadhara ya uchumi katika kaunti za Homa Bay na Migori ina desturi ya kuishia pale pale. Kijana aliyemaliza chuo majuzi anasimama na kuuliza: "Ili tupate jamii yenye haki, Kenya ifuate mfumo gani, ubepari au ujamaa?" Mtaalamu hajakohoa, mzee wa safu ya mbele ameshajibu: Mwafrika alikuwa mjamaa tangu azali, mzungu ndiye aliyemharibia, dawa ni kurudi tulikotoka. Makofi. Soda zinagawiwa, watu wanarudi makwao, na bei ya omena, dagaa wa ziwani, haijasogea hata shilingi.

Swali lenyewe ni bovu, ila linavumilika. Jibu la mzee ndilo linalostahili kuzikwa, kwa sababu ni tamu, linasifu mababu na halimgharimu mtu yeyote chochote. Isitoshe lina nasaba ya heshima. Mmoja wa waliolipatia muhuri wa serikali amelala katika kisiwa cha Rusinga, humu humu Homa Bay.

Tom Mboya alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, mwaka 1930, baba yake akiwa kibarua wa mashamba ya mkonge. Kwao lakini ni Rusinga, na ndiko alikozikwa baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wageni wanaopelekwa kaburini kwake husimuliwa habari za vyama vya wafanyakazi na ndege zilizobeba wanafunzi kwenda Marekani. Ni nadra kusimuliwa Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliotolewa yeye akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Waraka huo ulitangaza Ujamaa wa Kiafrika na kuusimika juu ya nguzo mbili zilizodaiwa kutoka kwenye mila: demokrasia ya kisiasa, na watu kuwajibikiana. Kwenye kurasa za ndani, mila inaachwa mlangoni. Mali ya mtu binafsi inalindwa, mtaji wa kigeni unakaribishwa, na fedha za maendeleo zinaelekezwa kwenye maeneo ambayo tayari yana ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa hoja kwamba huko ndiko zitakakozaa zaidi. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Kama mkakati wa kukuza uchumi, hoja hiyo ina watetezi wake. Kuiita urithi wa mababu ni mzaha.

Aliyeuona mzaha huo mapema alikuwa mwana mwingine wa Homa Bay. Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, alizaliwa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, akasomea uchumi Hawaii na Harvard. Julai 1965 aliuchambua waraka huo katika jarida la East Africa Journal bila kumung'unya maneno. Alihoji serikali itazuiaje nguvu za kiuchumi zisirundikane mikononi mwa wachache, akatilia shaka haraka ya kugawa hatimiliki kwa mtu mmoja mmoja, akataja ushirika wa ukoo kuwa njia bora zaidi. Hapo kwenye ukoo naye aliukadiria usawa kupita kiasi.

Kwa maana huo ukoo unaosifiwa ulikuwa na wenyewe. Ardhi ya Nyanza ilikuwa na weg lowo, wenye ardhi, na pembeni yao waliishi jodak, watu waliohamia kwa hisani. Jadak alilima, alijenga, alizaa watoto na kusaidia kazi za wenyeji, lakini haki yake ilitegemea uhusiano mwema na mwenye ardhi, na ukoo ungeweza kumkumbusha ugeni wake hata baada ya vizazi kadhaa. Mwanamke alifika shambani kupitia mume, kisha kupitia mwana. Hata saga, ile kazi ya pamoja ambayo wahadhiri huipenda mno, ilimtaka mwenye shamba awaandalie chakula na pombe waliokuja kupalilia. Aliyekuwa na ghala lililojaa aliita watu wengi, aliyekuwa na ghala tupu alipalilia peke yake. Ukarimu ulikuwepo, na kusaidiana kulikuwepo kweli. Usawa ni jambo jingine, na anayeuchanganya na ukarimu hajawahi kuwa jadak.

Wenye kusoma zaidi huruka mpaka na kumtaja Mwalimu Nyerere. Haya, twende Tanzania. Azimio la Arusha ni la Februari 1967, lakini miaka kadhaa kabla yake wakulima wa Litowa na vijiji jirani huko Ruvuma walikuwa wameshaanza kulima na kuamua mambo yao kwa pamoja, kwa hiari, chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Ulikuwa ujamaa halisi kuliko wowote uliowahi kuandikwa. Septemba 1969 viongozi wa TANU, chama tawala, wakakivunja chama hicho cha Ruvuma, kwa sababu kilikuwa hakisubiri maagizo. Miaka michache baadaye mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na mwaka 1976 serikali ikavifuta hata vyama vikuu vya ushirika vya wakulima. Anayesema "ujamaa ulijaribiwa ukashindwa" na anayesema "tungepata kiongozi kama Nyerere" wamekosea mahali pamoja: wote wawili wanatazama jina la mfumo, hawatazami nani aliyekuwa na neno la mwisho.

Sasa twende bichi yoyote ya Rusinga alfajiri. Boti za omena zinarudi na taa zilizowaka usiku kucha kuvuta samaki, wanawake wanasubiri na beseni zao. Omena inaanikwa juu ya nyavu kuukuu. Jua likiwa kali inakauka siku hiyo hiyo na kupimwa kwa kopo la gorogoro. Mvua ikinyesha inaharibika na kwenda kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mapato ya boti hukatwa kwanza gharama za usiku, kisha mwenye boti na nyavu anachukua fungu lake, ndipo mabaria, wavuvi wanaotoka na boti hiyo, wanagawana kilichobaki. Hasara ya mvua haimo katika mgao huo. Inabaki na mwanamke aliyekwisha kulipa. Na kabla ya kulipa, huenda alilazimika kuingia katika jaboya, yaani kulala na mvuvi ndipo auziwe samaki.

Kwa mbuta, yaani sangara, mambo yamefungwa zaidi. Wakala wa kiwanda anakuja na gari la barafu, anamkopesha mvuvi nyavu au injini, na deni linalipwa kwa samaki kwa bei anayoitaja wakala mwenyewe. Mvuvi akisikia bei nzuri bichi ya pili, hawezi kuifuata. Vyama vingi vya ushirika vya wavuvi vilianguka hapo: vilikuja na hotuba za umoja mahali ambapo mshindani alikuja na barafu na mkopo.

Umiliki basi ndio kiini, na hata huo hautoshi ukiachwa peke yake. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, Kisumu, walianza kupata boti zao wenyewe ili waachane na jaboya. Kwa muda wakawa matajiri wa mabaria badala ya kuwa mateka wao. Kisha boti zikachakaa bila akiba ya kuzitengeneza, na mwaka 2020 ziwa lililofurika likafunika kijiji.

Yanayowezekana ni haya, na hayana mvuto wa jukwaani. Ushirika uanze na jokofu, mizani na mkopo wa nyavu, mabango baadaye. Sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ikaguliwe na mtu wa nje kila mwaka: ukaguzi uliotangazwa mapema 2025 ulionyesha shilingi bilioni 13.3 zimepotea KUSCCO, muungano wa Sacco zenyewe, kwa hiyo neno "ushirika" si kinga ya wizi. Mgao wa boti uandikwe, na akiba ya matengenezo ikatwe kabla ya fungu la yeyote. Wanaotaka mfano mkubwa wasome kuhusu Mondragon, ushirika wa viwanda wa Wabasque huko Hispania ulioanza 1956, na wasome pia jinsi kampuni yake ya Fagor ilivyofilisika 2013. Fedha taslimu kwa maskini zinafanya kazi: katika vijiji vya Siaya, kila dola iliyotolewa na shirika la GiveDirectly iliongeza uchumi wa eneo kwa takriban dola 2.5. Shirika hilo hilo lilipofika Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya waliofikiwa walikataa, wengi wakisema ni pesa za shetani; mradi wowote utenge muda wa kujieleza. Sarafu za mtaa, kama Bangla-Pesa iliyozinduliwa Mombasa 2013 na waanzilishi wake wakakamatwa kabla ya mashtaka kuondolewa, husaidia wachuuzi kubadilishana pesa zinapoadimika, ila hazinunui injini.

La mwisho ni kamati za usimamizi wa fuo, BMU, ambazo zipo kisheria tangu kanuni za 2007. Viti vyake vinagawiwa makundi, wenye boti, mabaria, wachuuzi na wengineo, ili tajiri asizitawale. Katika bichi nyingi anazitawala vivyo hivyo, kwa hila nyepesi ya saa. Mkutano ukiitwa saa tatu asubuhi, baria ametoka ziwani amelala fofofo. Uitishwe alasiri, wiki ya mwezi mpevu, wakati taa hazivuti omena na boti zimeegeshwa, na kura zipigwe kwa siri.