Fahamu: Lifti ya nyumbani hupangwaje?

Karibu na Mazinde, kituo cha reli cha Mkumbara kilipokea magogo yaliyoshushwa kwa nyaya kutoka misitu ya Shume, juu kwenye milima ya Usambara, enzi za Mjerumani. Leo suala la kupanda na kushuka limeingia majumbani. Anayejenga ghorofa Usambara, huku wazazi wakizeeka, aanzie wapi?

Je, unaihitaji? Kwenye mteremko, barabara huweza kufika usawa wa ghorofa ya juu. Weka mlango na chumba cha wazee upande huo. Huenda lifti isihitajike.

Nafasi. Lifti huamuliwa kwenye ramani, si baada ya kupaua. Kwa kiti cha magurudumu, kadiria ndani ya lifti upana wa sentimita 110, kina 140, na mlango usiopungua 80. Fedha zikipungua, tenga nafasi sasa, itumike kama stoo.

Aina. Ya haidroliki husukumwa na mafuta na hufaa ghorofa chache. Ya kamba za chuma huwa na uzito wa kusawazisha, hivyo mota haielemewi. Ya skrubu huhitaji shimo la kina kifupi chini yake.

Umeme na maji. Uliza kama inataka fezi moja au tatu, na kama betri yake itaishusha umeme ukikatika. Shimo lizibwe vizuri, maana maji ya masika hupenya kutoka mlimani.

Fundi. Kabla ya kulipa malipo ya awali, jua fundi atatoka wapi na vipuri vinapatikana wapi. Lifti rahisi inayosubiri fundi kutoka mbali itakugharimu zaidi.