Rangi za maji kwa bonde la Sebeya

Nyundo, wilayani Rubavu, ina shule ya sanaa tangu 1952, miaka 10 kabla ya Rwanda kupata uhuru. Hata hivyo, mtalii anayefika ufukweni Gisenyi bado huuziwa picha za sokwe wa milimani, ngoma na wachezaji. Bonde la mto Sebeya lenyewe, chai ya Pfunda, viazi na maharage yaliyopanda hadi juu ya miteremko, ni nadra kulikuta ukutani. Wa kutuonyesha namna ya kulichora, kwa maoni yangu, ni mchoraji mmoja mhamiaji wa zamani: Camille Pissarro.

Alizaliwa 1830 kisiwani Saint Thomas, Karibiani, wakati huo koloni la Denmark, akahamia Ufaransa 1855. Katika kundi la wachoraji waimpreshonisti ni yeye peke yake aliyeshiriki maonyesho yao yote 8, kuanzia 1874 hadi 1886. Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vilimkimbiza London. Aliporudi alikuta nyumba yake ilikaliwa na askari wa Prussia na picha zake nyingi zimeharibiwa. Mwaka 1884 akahamia Éragny, kijiji cha kando ya mto Epte, na huko ndiko kukawa kwao. Alichora malisho yaleyale, miti ileile, machweo baada ya machweo, mara nyingi kwa rangi za maji.

Rangi hizi zina masharti yake. Mwanga hauongezwi kwa rangi nyeupe, kwani weupe ni karatasi yenyewe: pale ambapo brashi haikupita ndipo jua linapowaka. Kosa halifutiki vizuri. Kwa ukungu wa Nyundo sijui kifaa bora zaidi. Unailowesha karatasi, unagusa buluu kidogo, nayo inatambaa yenyewe hadi ukingo wa kilima cha pili unapotea, vilevile unavyopotea alfajiri.

Ila ufundi peke yake hautoshi. Pissarro hakuyatenga mashamba na watu wake: wanawake wanachuma, wanapalilia, wanainama. Rubavu, wilaya inayopakana na mji wa Goma ulioko Kongo, ina wengi waliofika kutoka kwingine, na milima hii wameijua kwa jembe. Picha inayowaondoa ili vilima vipendeze inawanyima haki yao.

Tena bonde lenyewe hubadilika. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 Sebeya ulifurika. Katika mafuriko na maporomoko ya siku ile watu zaidi ya 130 walifariki nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Kingo za mto hazikubaki zilivyokuwa. Natamani kila msimu wanafunzi wa Nyundo wapelekwe pale mtoni na karatasi nene na kisanduku cha rangi, wachore sehemu ileile, waandike tarehe, picha zibaki shuleni. Na siku ya kuzionyesha, wakulima wa kando ya mto waalikwe kabla ya wageni rasmi. Shamba likichorwa mahali pasipo pake, wao ndio watakaosema.