Mzimu, Mzuka na Nsyuka: Ngeli za Wafu katika Simulizi za Kutisha

Makala haya yanafafanua jinsi jina analopewa mfu anayerudi linavyoamua aina ya hofu katika simulizi za kutisha za Kiswahili.

Katika matumizi ya pwani, mzimu ni roho ya mfu na pia ni mahali, kama vile pango au mti mkubwa, watu wanapopeleka sadaka. Maana ya mahali ndiyo inayobeba anwani ya riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Humo maiti inaonekana mzimuni, lakini upelelezi wa Bwana Msa unabainisha kuwa muuaji ni binadamu. Mzuka, kwa upande wake, unatokana na kitenzi zuka, yaani kutokea ghafla. Jina hili halielezi aliyetokea ni nani wala anadai nini; hofu yake ni ya kushtukizwa.

Filamu ya Mussa Banzi, Nsyuka, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilichukua jina lake nje ya Kiswahili. Katika Kinyakyusa, abasyuka ni wazee waliotangulia, wanaostahili heshima na matambiko. Umoja wake, unsyuka, umo katika ngeli ya watu. Filamu ilimgeuza mhenga kuwa kitisho.

Kiswahili huweka mzimu na mzuka katika ngeli ya M-/MI-, pamoja na mti na mto. Ngeli peke yake haithibitishi imani, kwani kijana na kipofu wamo katika KI-/VI- na hawakosi utu. Hata hivyo, upatanisho humpa msimulizi nafasi ya kuchagua. Katika “mzimu umekuja” limekuja jambo. Katika “mzimu amekuja” amekuja mtu, na mtu huyo huweza kuwa na dai.

Uchaguzi huo una uzito darasani Chitete, wilayani Momba, Mkoa wa Songwe, eneo la wasemaji wa Kinyamwanga linalopakana na Zambia. Mwanafunzi anayetafsiri kwa Kiswahili simulizi za nyumbani, akimwita kila mfu mzuka, humfuta babu katika hadithi na kubakiza mshtuko. Mwalimu amwongoze aulize kwanza: mfu huyu anakimbiwa, au anadaiwa kusikilizwa? Jibu ndilo litakaloteua jina na upatanisho wake.