Mtoto Anavyokua

Wanyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya shujaa jina lake Mwindo. Baba yake alikuwa mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo. Hadithi yasema kwamba Mwindo alizaliwa akisema na kutembea siku ile ile. Ndiyo sababu aliitwa Kabutwakenda, maana yake mtoto aliyezaliwa akaenda. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliisimulia hadithi hiyo, akiimba na kucheza, muda wa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitia katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1969.

Watu huifurahia sana hadithi hiyo. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu ajua kwamba watoto hawako hivyo. Mtoto wa kweli, awe amezaliwa katika misitu ya Walikale au katika milima ya Masisi penye malisho ya ng'ombe, ana njia ndefu mbele yake. Hukua hatua kwa hatua, na hatua moja huitengeneza nyingine. 

Watoto, nani kati yenu ana mdogo wake nyumbani? Basi, mtazameni mtakaporudi leo.

Mtoto anapozaliwa huwa na uzito wa kilo 3 hivi, na urefu wa sentimeta 50. Hawezi kushika kichwa chake. Kwa hiyo, ukipewa kumpakata, weka mkono wako chini ya shingo yake. Macho yake huona vizuri kitu kilicho karibu tu: uso wa mama anayemnyonyesha anauona, lakini mlima ulio mbele ya nyumba bado. Sauti ya mama yake aijua tangu tumboni. Akilia, si utundu. Hana neno lingine la kusema nimeona njaa, nimeona baridi, nimelowa.

Baada ya wiki 6 hivi hutabasamu akiona uso wa mtu. Mwezi wa 4 hushika kichwa, mwezi wa 6 hivi huketi na jino la kwanza hutokea. Kisha hutambaa, husimama dede akishika kiti, na siku moja huachia kiti. Wengine hutembea wakiwa na miezi 10, wengine miezi 15 au hata 17, na wote ni wazima. Wako watoto wasiotambaa kabisa, hutoka kuketi wakasimama. Majirani hupenda kulinganisha watoto: wa kwangu ametembea, wa kwako bado! Maneno hayo hayana faida.

Akitimiza mwaka mmoja, uzito wake umekuwa mara 3, yaani kilo 9 hivi. Haji kukua tena kwa mbio namna hiyo maisha yake yote. Fikirini: mwanafunzi wa kilo 20, kama angekua vile, mwakani angekuwa na kilo 60!

Mwili unaokua upesi hivi wataka chakula cha kujenga. Katika miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yatosha peke yake, bila hata maji. Baadaye mtoto huongezewa uji na vyakula laini, naye huendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Hatari huja hapo anapoachishwa ziwa. Mara nyingi huachishwa ghafula, kwa sababu mama ana mimba nyingine. Hapewi tena maziwa. Hupewa bugali wa mihogo na mchuzi kidogo. Bugali hushibisha tumbo, lakini peke yake haujengi mwili. Baada ya muda miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi na kunyofoka, ngozi hubanduka. Mtoto hachezi tena. Huketi tu akinung'unika.

Ugonjwa huo katika Kivu huitwa bwaki. Waganga wa hospitali huuita kwashiorkor. Jina hilo ni la lugha ya Waga, watu wa Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyelitangaza katika miaka ya 1930. Kwa Waga lilikuwa jina la ugonjwa wa mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Tazameni! Watu walio mbali nasi namna hiyo waliona jambo lile lile tunaloliona hapa.

Wengine hudhani mtoto wa bwaki amerogwa, nao hupoteza siku wakimtafuta mchawi. Mtoto huyo aweza kufa asipotibiwa. Apelekwe kwenye kituo cha afya siku ile ile uvimbe unapoonekana. Huko muuguzi hubonyeza miguu aone uvimbe, naye hupima mkono wa mtoto kwa mkanda mdogo wenye rangi tatu. Mkanda ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11 na nusu, mtoto yu hatarini. Kumkinga ni rahisi kuliko kumponya: maharage yaliyopondwa, karanga, mayai, sombe, sambaza wa ziwa Kivu. Masisi yajulikana kwa maziwa na jibini inayouzwa mpaka Goma. Kikombe kimoja kisishuke sokoni, kibaki kwa yule aliyeachishwa ziwa.

Chakula cha akili nacho chatakiwa. Mtoto hajifunzi kusema asiposemeshwa. Umbebapo mdogo wako mgongoni katika kikwembe, usinyamaze: mtajie kuku, moto, mvua. Mwaka wa kwanza atasema neno moja au mawili. Mwaka wa pili ataunganisha: mama maji. Mwaka wa tatu atauliza kwa nini, kwa nini, mpaka uchoke. Kama nyumbani mwasema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, na sokoni Kiswahili, atazishika lugha zote mbili bila kuchanganyikiwa.

Mtoto wa miaka 2 hukataa kila kitu, hujitupa chini, hulia. Wakubwa humwita mkaidi. Mimi naona ameanza tu kujua kwamba yeye naye ni mtu. Akifika miaka 4 hupika chakula cha udongo, au huendesha kijiti akikiita chukudu. Mwacheni acheze. Katika mchezo hujifunza kuhesabu, kungoja zamu yake, na kupatana na wenzake.

Miaka 6 meno 20 ya utoto huanza kung'oka, na mtoto huingia shule. Ubongo wake karibu umekwisha kuwa mkubwa kama wa mtu mzima, ila bado haujakomaa. Mpaka miaka 10 hivi hukua polepole, sentimeta 5 au 6 kwa mwaka. Ninyi mwaijua hatua hiyo kuliko mimi.

Kisha huja badiliko kubwa. Msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Mwili hurefuka ghafula, suruali huwa fupi, chunusi hutoka usoni, nywele huota kwapani. Sauti ya mvulana hukwaruza. Msichana huota matiti, na baadaye huanza kupata damu ya mwezi. Damu hiyo si ugonjwa wala aibu, na yafaa mama au shangazi amweleze kabla haijaja, asije akaogopa.

Hapa watu wengi hudanganyika. Wakimwona mvulana wa miaka 14 mwenye mabega mapana, husema: huyu ni mtu mzima. Sivyo. Mifupa yake bado ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo inaporefukia. Sehemu hiyo ikiumizwa, mfupa waweza kupinda. Tena ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, itusaidiayo kupima hatari kabla ya kutenda, haikomai mpaka mtu apite miaka 20. Kwa hiyo kijana huthubutu upesi, naye hufuata wenzake upesi.

Wapo wanaotaka mabega hayo. Koltani ya Rubaya katika Masisi na kasiteriti ya Bisie katika Walikale zimewavuta watoto wengi kwenye mashimo na mizigo. Na tangu vita vya mwaka 1993 katika nchi zetu hizi mbili, makundi ya watu wenye silaha yamewachukua watoto, wengine ili wabebe mizigo, wengine ili wapigane.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba kila mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Haruhusiwi kuandikwa katika jeshi. Msichana wa miaka 15 haozwi, hata kama baba yake amekubali na ng'ombe wamekwisha kutolewa. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa huko The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kifungo cha miaka 14, kwa sababu aliwatia watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake.  Sheria huhesabu miaka, si mabega.

Wasichana huacha kurefuka karibu na miaka 16, wavulana karibu na miaka 18.

Kazi ya nyumbani: tafuta fimbo ndefu iliyonyooka. Simama wima, visigino chini, ndugu yako atie alama ya urefu wako kwenye fimbo kwa kisu. Mpime na mdogo wako vilevile, mkimlaza chini kama hajui kusimama. Andika tarehe katika daftari, kisha mpime tena baada ya miezi 3. Alama isitiwe kwenye ukuta wa nyumba: mkilazimika kuhama, fimbo mtakwenda nayo.