Fotoni Mbili Kwenye Njia Panda

Mvua ikikatika Temeke, tazama dimbwi lililo mbele ya gereji ya pikipiki. Oili chafu imetandaa juu ya maji, inameta zambarau, kijani, manjano. Hakuna aliyetia rangi pale. Mwanga mwingine umerudi kutoka uso wa juu wa oili, mwingine kutoka chini, oili inapogusana na maji. Mawimbi yakikutana, rangi fulani hukolea, nyingine hufutana. Huo ndio mwingiliano, na hata fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikija peke yake huufanya, kwani hupita njia zote mbili.

Je, zikija mbili? Mwaka 1987, Hong, Ou na Mandel wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walielekeza fotoni pacha kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, moja upande huu, nyingine upande ule. Kwa hesabu ya kurusha sarafu, kati ya jozi 100, kama 50 zingeachana, kila fotoni ikitokea upande wake. Lakini zilipofika kwa wakati mmoja, kuachana kulikaribia kutoweka. Zilitoka pamoja.

Wapo wanaoeleza kwamba fotoni hizo huvutana. Nasikitika, kwa sababu maelezo hayo yanaficha uzuri wenyewe. Namna za kuachana ni mbili: zote zipite, au zote zirudishwe. Kwa kuwa zinafanana kabisa, hakuna alama popote ya kuonyesha ni namna ipi iliyotokea. Basi mawimbi ya namna hizo hujumlishwa, moja chanya, moja hasi, jibu sifuri. Ichelewe moja kidogo tu, ziweze kutofautishwa, na kuachana hurudi.

Kioo hicho ni njia panda moja. Sasa panga njia panda nyingi mfululizo, kama vichochoro vya Manzese. Mgeni anayerusha sarafu kila kona, baada ya kona 100 kwa kawaida atakuwa umbali wa kona 10 hivi kutoka alipoanzia. Fotoni, inayopita vichochoro vyote kwa pamoja, hufika makumi ya kona. Ndio mwendo wa kikwanta. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na wenzao waliingiza jozi za fotoni kwenye chipu yenye mifereji 21 ya mwanga, iliyokaribiana hata mwanga ukavuja kutoka mmoja kwenda mwingine. Zilizoingia mifereji jirani zilielekea kutokea upande mmoja. Mwendo wa fotoni moja ungeigwa kwa mawimbi ya kawaida. Wa jozi ulivuka kikomo ambacho mwanga wa kawaida hauwezi kukivuka.